Kong kwa mbwa anayelia akiachwa nyumbani: kinasaidia wapi na kinaishia wapi

Niseme mapema ili asiye na muda asome hapa aendelee na mambo yake: kile kimpira chekundu cha Kong ni kitu kizuri sana, nakipenda, na hiki kikichakaa nanunua kingine. Ila kama mbwa wako ukitoka tu analia mpaka nyumba ya tatu wanajua umeondoka, anakwangua mlango, anakojoa ndani wakati siku zote anajua pa kujisaidia, basi kimpira peke yake hakimponyi. Kitakachofanya ni kukuonyesha mbwa wako ana shida gani hasa, na kwangu mimi hiyo ndo kazi yake kubwa, maana watu wengi tunahangaika kutibu kitu ambacho hata hatujakijua.

Kwa ambao hawajawahi kukiona, ni mpira mgumu wenye mapande matatu ya duara yaliyopandana, la chini kubwa la juu dogo, katikati uko wazi pa kujazia chakula, tundu kubwa chini na katundu kadogo juu. Ukikidondosha sakafuni hakirudi pale ulipokitegemea, kinaruka pembeni, na mbwa wanakipendea hapo. Alikibuni Mmarekani mmoja wa Colorado anaitwa Joe Markham, miaka ya 1970. Alikuwa na mbwa wa Kijerumani anaitwa Fritz aliyekuwa na tabia ya kutafuna mawe mpaka meno yanaisha, sasa siku moja jamaa anatengeneza gari lake la Volkswagen, anatupa tupa vipande vya vyuma ili mbwa aache mawe, Fritz akadaka kipande cha mpira kilichotoka kwenye springi za gari na hakutaka kukiachia. Kampuni ikaanza 1976. Kwa hiyo ni kitu kilichotokana na mbwa mwenyewe kuchagua, na mimi hilo linanipa imani nacho zaidi kuliko maneno yoyote ya kwenye boksi.

Rangi zina maana, usichague kwa kupendeza. Nyekundu ni ya mbwa aliyekomaa wa kawaida, nyeusi ni ngumu zaidi kwa wale wenye taya za hatari, kuna laini za pinki na bluu za watoto wa mbwa, na zambarau kwa wazee ambao meno yamechoka. Saizi pia, chukua kubwa kuliko unavyofikiri, kimpira kinachoingia chote mdomoni kinaweza kukwama kooni. Na ukienda kununua geuza uangalie kale katundu kadogo ka juu. Kapo kwa usalama, hewa ipite, ulimi wa mbwa usinyonywe ndani ukanasa. Nimeshaona za kuiga zenye tundu moja tu, nyingine ukizisogeza puani zinanuka kama mafuta ya taa, na mbwa wa jirani yangu mmoja aliitafuna ya namna hiyo ikatoka vipande. Huko Marekani Kong ya saizi kubwa ni dola 15 hivi, hapa kwetu ikishasafirishwa bei inapanda na inabidi ukae chini ufikirie. Mi naona inalipa kwa sababu inadumu.

Sasa namna ya kukijaza, maana hapa ndo penye utamu. Maelekezo mengi ya onlaini yanakwambia ununue vitu vya kopo vya kuminya, huna haja. Mimi nachukua ugali uliolala, nausaga kwa uma pamoja na dagaa waliochemshwa bila chumvi na maji yao kidogo, wakati mwingine naongeza boga au karoti iliyopondwa. Kale katundu ka juu nakaziba na siagi ya karanga kidogo, nakisimamisha kimpira ndani ya kikombe kichwa chini ili lile tundu kubwa liangalie juu, nashindilia taratibu kwa kijiko, mwishoni nachomeka dagaa mmoja mzima mkia ukiwa nje, hafu kikombe chote kinaingia friza usiku kucha. Asubuhi kimeganda ngumu. Popi wangu (ni chotara, jike, rangi ya mchanga, sikio moja limelala) akipewa hicho mimi nikiwa nyumbani, anajilaza, anakikumbatia kwa miguu ya mbele na anakilamba akiwa amefumba macho, utasikia tu ule mlio wa ulimi kwenye mpira, na hapo hata apite kuku mlangoni hanyanyui kichwa.

Tahadhari tatu na hizi usizichukulie poa. Siagi ya karanga soma karatasi yake, zile za kupunguza sukari zingine zinawekwa zailitoli (xylitol, kitu cha kuongeza utamu badala ya sukari), na hiyo kwa mbwa ni sumu, hata kidogo inashusha sukari ya damu vibaya na inaweza kuua ini. La pili, usimwekee mchuzi wa jana. Mchuzi wetu bila kitunguu sio mchuzi, na kitunguu, kiwe maji kiwe saumu, kinaharibu damu ya mbwa. La tatu, mifupa iliyopikwa usichomeke humo, inapasuka kama miiba.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Popi analia nikitoka. Nilikuwa nimeambiwa na jirani wa mlango wa pili, mama wa watu alikuja kwa heshima kabisa, "Samahani dada yangu, sio ugomvi, ila ukishatoka tu huyu mbwa analia kama amefiwa, mtoto wangu halali." Nikanunua Kong, nikaijaza kama nilivyoeleza, nikamwekea nikatoka. Niliacha simu ya zamani juu ya kabati la vyombo ikirekodi, chaja imechomekwa, kioo kimegeukia mlangoni. Hii nawashauri wote, msinunue kamera ya gharama kwanza, simu yoyote yenye video inatosha, na ukiirekodi humo humo kwenye simu huli bando wala haikatiki intaneti ikisumbua.

Video ile iliniuma. Mlango ulipofungwa Popi hata hakuitazama Kong. Alienda mlangoni, akaweka pua kwenye uwazi wa chini, akawa ananusa na kuhema, mate yanadondoka mpaka sakafu imelowa, anarudi dirishani, anarudi mlangoni, anaanza kulia ile sauti ndefu ya kupanda. Anatembea njia ile ile, mlango dirisha, dirisha mlango. Kimpira kiko katikati ya sebule, kimeyeyuka, na niliporudi nilikuta sisimizi wameshakipata na wamepanga mstari mpaka kwenye kona ya ukuta. Na mara tu nilipoingia, kabla hata sijaweka pochi, Popi akakifuata akaanza kula kwa pupa, na sisimizi wake.

Hapo ndo nasema Kong ilifanya kazi yake. Mbwa aliyechoka kukaa bure, asiye na la kufanya, ukimwachia Kong ataila, ataimaliza, akimaliza atatafuta kiatu. Huyo shida yake ni kuboreka tu, mpe mazoezi ya asubuhi, mpe vitu vya kutafuna, atatulia, na kwa huyo mbwa mimi naipa Kong nyota zote tano bila kujadili. Lakini mbwa anayeogopa kubaki peke yake hali. Chakula kile kile anachokipenda ukiwepo, ukiondoka anakiruka kama jiwe, sababu mwili uliojaa hofu hausikii njaa, hata sisi binadamu ukipigiwa simu ya msiba sahani inabaki pale pale. Dalili nyingine zinaendana na hiyo: fujo zinaanza muda mfupi sana baada ya wewe kutoka, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, na uharibifu unakuwa milangoni na madirishani, pale ulipopitia. Yule wa kuboreka anaharibu popote, mto, ndala, ndoo, na anaweza kuanza mchana sana.

Kwa hiyo ukishanunua fanya hivi: mpe ukiwepo, uone kama anakipenda. Kisha mwachie utoke, rekodi. Akila mara zote mbili, furahi. Akila ukiwepo na kukiacha ukitoka, basi acha kutafuta kitu kitamu zaidi cha kujaza, wewe una kazi nyingine ya kufanya.

Na tafadhali usimpige. Najua hapa kwetu watu wanasema "anajua kosa lake huyo, muangalie anavyoinamisha kichwa." Hajui. Mwaka 2009 mtafiti anaitwa Alexandra Horowitz wa New York alilipima hili, akaona ile sura ya kujuta mbwa anaitoa anapokemewa, awe amefanya kosa au hajafanya. Anasoma hasira yako, basi. Sasa mbwa anayeogopa ukiondoka, ukimfanya aogope na ukirudi, umemwachia saa ngapi ya kupumzika?

Kazi yenyewe ni mazoezi ya kuondoka, na ni ya polepole kweli kweli. Unaanza na vile vitu vinavyomtangulizia habari mbaya, funguo, viatu, pochi, lipstiki. Unachukua funguo, unaenda kukaa kwenye kochi. Unavaa viatu, unaendelea kupika. Unarudia mpaka funguo zikilia asiinuke tena. Halafu mlango: unatoka, unafunga, unafungua pale pale kabla hajaanza kuhangaika. Sekunde chache, baadaye dakika, unapanda na kushuka, leo ndefu kesho fupi, ili asijue inakuja ipi. Ukiona kwenye video ameanza kuhema na kuzunguka, ujue umepitiliza, rudi nyuma. Wataalamu wa wanyama wanasema sehemu ngumu ni zile dakika 40 za kwanza, kwa sababu hofu nyingi inatokea humo, akishaweza kuzivuka ametulia unaweza kuongeza kwa hatua kubwa zaidi, na mbwa anayeweza saa moja na nusu kwa kawaida anaweza na masaa kadhaa. Kwa Popi ilichukua muda mrefu kufika dakika za kwenda dukani na kurudi, na nilipoona kwenye simu amelala ubavu nikiwa nje nilikaa pale kwenye ngazi nikalia.

Ndani ya mazoezi hayo Kong inarudi na inasaidia sana, ila kwa masharti. Mpe pia siku ambazo hutoki, mpe ukiwa unafua, ukiwa unaangalia taarifa ya habari, maana ukimpa wakati wa kutoka tu, atajifunza kwamba Kong ikitoka friza na wewe unatoka, na kile kimpira alichokipenda kitaanza kumtisha kama funguo. Na usikitumie kumzuga utoroke. Akishalamba cha mwisho akainua kichwa na haupo, unarudi palepale, na safari hii amejifunza kutokuamini hata chakula.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza: sasa wakati wa hayo mazoezi kazini niende vipi? Hapa mimi naona sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya wanailipia. Nyumba zetu hazikosi mtu. Mbwa wengi wenye shida hii hawahitaji lazima wewe, wanahitaji mtu. Popi nikienda ofisini anashinda na dada wa nyumbani kwa shangazi yangu mtaa wa nyuma, mwingine anaweza kukaa na mlinzi kibandani, au binti wa jirani aliyemaliza shule anasubiri matokeo, anakaa sebuleni na simu yake, unampa hela ya vocha na nauli. Wengine mko na bibi nyumbani. Muombe bibi kwa adabu, umweleze kabisa kwamba mbwa anaumwa hofu, wazee wakielezwa vizuri wanaelewa haraka kuliko vijana. Kitu muhimu ni kwamba katika kipindi cha mazoezi asiachwe peke yake zaidi ya muda anaouweza, kila akizidiwa anarudi nyuma.

Jambo lingine la kwetu, naishi nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na majirani zangu wengine ni Waislamu. Mate ya mbwa yakigusa chombo kwao ni mpaka kioshwe mara 7, moja kwa udongo, hivyo Kong ya Popi haitoki ndani kwetu kabisa, siiachi uwanjani, na siioshi bombani wanapochotea maji. Nina beseni lake. Ni kitu kidogo lakini kinalinda ujirani, na mbwa wako akipendwa au akivumiliwa na majirani maisha yake yanakuwa mepesi.

Vitu vingine vinavyouzwa kwa shida hii nivigusie. Kuna vile vikoti vya kubana kifua kama ThunderShirt, mbwa wengine vinawatuliza, wengine wanaganda tu wamesimama ukadhani wametulia, na kwa joto la Dar mchana mi sithubutu kumwacha mbwa peke yake amevaa koti. Kuna Adaptil, kifaa cha kuchomeka ukutani kinachotoa feromoni (kemikali ya mwili ya kumtuliza mbwa) iliyoigwa ile ya mbwa mama anayenyonyesha, aliyeigundua ni daktari wa mifugo wa Ufaransa, Patrick Pageat. Hiyo ichukulie kama msaada wa pembeni, na umeme ukikatika nayo imekatika. Kola za kupiga shoti au kupuliza dawa mbwa akibweka, hapana, hapana kabisa. Unamnyamazisha mtu anayeomba msaada. Kizimba cha chuma nacho kwa mbwa mwenye hofu hii ni hatari, wanavunja meno na kucha wakijaribu kutoka, na mnyororo ni mbaya zaidi, anaweza kujinyonga akijisokota. Kuongeza mbwa wa pili pia mara nyingi hakusaidii kwa sababu anachokosa ni binadamu, unaishia na wawili.

Dawa zipo, na naomba tuache kuzionea aibu. Marekani wameidhinisha klomipramini kwa ajili ya shida hii hii ya mbwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na fluoksetini mwaka 2007, zote zitumike pamoja na mazoezi, na zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Hizo dawa ziko pia kwenye famasi za binadamu lakini usijinunulie ukakata nusu kwa kukisia, kipimo cha mbwa kina hesabu zake na kuna dawa haziendi pamoja. Nenda kwa daktari wa mifugo, mwonyeshe ile video. Ukimwambia tu "analia" anaweza kukupa dawa ya minyoo, madaktari wetu wengi siku zao zimejaa ng'ombe na kuku na chanjo ya kichaa cha mbwa, video inamfupishia kazi na anaona mwenyewe mate na kuhema. Kama mbwa ameanza ghafla uzeeni au anakojoa sana hata ukiwepo, apimwe kwanza, inaweza kuwa mkojo una maambukizi na wala sio upweke.

Kurudi kwenye kimpira chetu na hesabu ya nyota. Kwa uimara tano, Popi ana meno ya maana na bado kiko kizima. Kwa urahisi wa kusafisha nne, mabaki ya ugali yanaganda ndani, inabidi ukiloweke kwenye maji ya moto na sabuni kidogo kisha uingize brashi ya chupa ya mtoto, usiache vikae siku mbili, vinanuka na kuvutia mende. Kwa mbwa anayeboreka mchana tano. Kwa mbwa mwenye hofu ya kuachwa mi natoa tatu, na tatu hizo ni za haki kabisa: moja kwa kukuonyesha tatizo, moja kwa kufanya mazoezi yawe matamu, moja kwa zile dakika za mwanzo akishaanza kupona. Ukikiona kimechanika au kuna kipande kimebanduka kitupe, usione huruma ya hela. Na kama una uwezo nunua viwili vya saizi moja, kimoja kikiwa kinaoshwa kingine kinagandia friza, asubuhi ya kazi haikukuti unasaga ugali huku gari linapiga honi nje.